Mbwa wa siku ya dharura: kabla ya kuuliza aina, jaribu kumbeba

Nafundisha mbwa, hiyo ndo kazi yangu ya kila siku, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: mwalimu, nikitaka mbwa wa kunifaa siku mambo yakiharibika, mafuriko, moto, tetemeko, umeme umekatika wiki nzima, nichukue aina gani? Wengi wakiuliza tayari jibu wanalo moyoni, wanataka tu niitikie, na jibu lenyewe ni Belgian Malinois, kwasababu wamemuona kwenye video anaruka ukuta na kumng'ang'ania mtu mkono.

Mimi nawauliza swali moja tu. Utaweza kumbeba?

Siku ya dharura lifti haifanyi kazi, ngazi zimejaa vioo, na mbwa hana viatu. Unyayo wa mbwa ukikatwa unavuja damu vibaya sana, na mbwa mwenye unyayo uliochanika hatembei, atalala chini akutazame. Niliwahi kufanya zoezi la kumtoa German Shepherd wangu, kilo 34, kutoka ghorofa ya nne. Nikampandisha mabegani kama mchungaji anavyobeba kondoo, mkono mmoja umebana miguu yake kifuani, mwingine kwenye reli ya ngazi. Ghorofa ya kwanza kushuka nilikuwa napiga stori na wenzangu, ya pili nikanyamaza, ya tatu magoti yakaanza kutetemeka na ikabidi niegemee ukuta huku mate yake yananichirizika shingoni. Na hapo mbwa ametulia, hamna moshi, hamna giza, na mimi ni mtu wa mazoezi. Toka siku hiyo nikibanwa niseme uzito nasema kilo 15 hadi 25, labda uwe na nguvu za kweli au mko wawili.

Uzito ni chakula pia. Hesabu wanayotumia madaktari wa mifugo inaonyesha mbwa wa kilo 30 anahitaji kama kilokalori 900 kwa siku kwa kulala tu, akiwa anatembea na kufanya kazi inaweza kufika mara mbili ya hapo, wakati wa kilo 10 anahitaji kama 400 akiwa amelala. Maji weka mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo, kwahiyo yule mkubwa anataka karibu lita 2 na hapo jua halijawaka, na maji hayo ndo yaleyale ya watoto wako. Watu wananunua mbwa kwa macho, tenki la maji hawalipigii hesabu kabisa.

Alafu kuna swali la mtapokelewa wapi. Kimbunga Katrina kilipopiga Marekani mwaka 2005 kuna watu walikataa kuondoka kwasababu mbwa wao hawakuruhusiwa kupanda vyombo vya uokoaji na wala kuingia kwenye makazi ya muda, na mwaka uliofuata nchi ile ikatunga sheria ya kuingiza wanyama wa nyumbani kwenye mipango ya maafa. Sheria ni nzuri, ila kwenye chumba chenye familia nyingi, mbwa mkubwa asiyetulia bado ataambiwa atoke nje, na wewe utatoka naye.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe, na hapa naomba msinune.

Malinois nampenda, nimefanya naye kazi miaka, hakuna mbwa anayejifunza haraka kama yeye. Lakini kichwa chake kinataka kazi kila siku, na dharura kwa asilimia kubwa sio kukimbia na kuruka, ni kukaa. Unakaa kona moja siku nne unasubiri gari. Malinois asiye na kazi siku nne anatafuna begi, anazunguka mahali pamoja, anamrukia mtoto wa jirani anayepita mbio. Kwa askari anayemfundisha kila asubuhi ni sawa, kwa familia inayomfungua jioni tu mimi sishauri.

German Shepherd ana akili iliyotulia zaidi, amezalishwa kwa kazi toka Max von Stephanitz alipomsajili wa kwanza kule Ujerumani mwaka 1899, tatizo ni nyonga mbovu za kurithi. Dai picha za eksirei za nyonga za baba na mama, muuzaji akianza kuzungusha maneno ondoka.

Labrador ndo ninayempa mtu mwenye watoto, na sio kwa upole wake tu. Frida, yule mbwa wa jeshi la majini la Meksiko aliyejulikana dunia nzima baada ya tetemeko la 2017, alikuwa Labrador, na katika kazi yake yote alisaidia kupata watu 12 wakiwa hai. Ila mjue wana njaa isiyoisha, utafiti wa 2016 ulikuta karibu robo yao wana kasoro kwenye jeni moja (chembe ya urithi) inayohusiana na ulaji na unene, na baada ya mafuriko ardhi imejaa vitu vilivyooza, kwahiyo neno "acha" lazima alijue kabla ya neno "kaa".

Wale wenye pua fupi, pug na bulldog, nasema kwa upendo kabisa, hapana. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoza mwili kwa kuhema, na yeye njia yake ya hewa imebana hata siku ya kawaida. Mpe moshi na joto uone. Majitu kama Great Dane nayo hapana, wana hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, na hiyo bila upasuaji ndani ya saa chache anakufa, sasa siku ya maafa daktari utampata wapi?

Kadogo kanachodharauliwa ni Jack Russell. Kilo 6 au 7, anaingia kwenye begi, anakuamsha kabla hujasikia chochote, na panya anawamaliza, maana maji yakishuka panya wanahamia kwa watu. Kasoro yake ni kelele, na lazima achanjwe leptospirosisi kwasababu inaenea kwa mkojo wa panya na akiipata anaweza kukuambukiza na wewe. (Na mwenye Collie, kabla ya kumpa aivamektini ya minyoo uliyoiokota kwenye boksi la dawa ongea na daktari kwanza, wengi wao wana kasoro ya kurithi inayofanya dozi kubwa ya dawa hiyo iwadhuru ubongo.)

Lakini kuna utafiti wa 2022 uliotumia taarifa za mbwa zaidi ya 18,000, ukaonyesha aina inaeleza kama asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Kwahiyo aina inakupa mwili, yaani uzito, pua, manyoya, nyonga, na magonjwa ya ukoo. Moyo inabidi ukaupime mwenyewe, na ndo maana chotara wa mtaani mwenye kilo 20 na afya nzuri simkatai hata siku moja.

Ninavyopima mimi, naenda na bakuli la bati. Watoto wa mbwa wakiwa wanacheza, wiki saba nane hivi, naliangusha sakafuni nyuma yao, sio karibu sana. Wote watashtuka, asiyeshtuka namuuliza daktari kama anasikia vizuri. Nachoangalia ni baada ya hapo. Mara ya mwisho walikuwa sita. Wawili walijificha nyuma ya mama yao wakagoma kutoka, mmoja alibweka mpaka nikaliokota bakuli, wawili walisahau wakaendelea kung'atana masikio. Yule wa sita, jike wa kahawia, mchanganyiko wa sijui nini na nini, alikimbia hatua tatu, akageuka, akasimama amekunja mguu mmoja, alafu akarudi taratibu tumbo chini chini mpaka akafika kulinusa bakuli, na akaanza kulilamba. Ndo niliyeondoka naye. Sasa hivi ana kilo 19.