Pumu na vinasaba: kwa nini dawa ileile haimfai kila mtu?

Mimi na mdogo wangu tuna pumu na inhela zetu za bluu ni za aina moja. Yeye akivuta mara mbili anapata nafuu papo hapo, mimi kifua kinaendelea kubana. Tatizo ni nini?

Inhela hiyo ina salbutamoli, dawa inayolegeza misuli iliyozunguka mirija ya hewa. Ili ifanye kazi, lazima inase kwenye kipokezi kilichopo juu ya seli za misuli hiyo, na maelekezo ya kukitengeneza kipokezi hicho yamo kwenye jeni iitwayo ADRB2. Jeni hiyo haiko sawa kwa watu wote, hata ndugu wa tumbo moja.

Lakini kabla ya kulaumu jeni, mwonyeshe mhudumu wa afya unavyoivuta. Wengi hubonyeza kabla hawajaanza kuvuta pumzi, dawa ikaishia mdomoni na kooni.

Kuna ushahidi kwamba tofauti hizo zipo?

Upo. Nchini Marekani, watoto wenye asili ya Puerto Rico ni miongoni mwa wanaougua pumu zaidi, na wenye asili ya Meksiko huugua kidogo, ingawa wote huhesabiwa kuwa Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Mwaka 2004 timu ya Esteban Burchard, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo San Francisco, ilionyesha kwamba baada ya kuvuta salbutamoli, mirija ya wagonjwa wa Puerto Rico hufunguka kidogo kuliko ya wenzao wa Meksiko. Yaani wanaoumwa zaidi ndio dawa inaowasaidia kidogo!

Mwaka 2018 watafiti hao walichapisha uchunguzi wa jenomu nzima, yaani vinasaba vyote, za watoto 1,441: Wapuerto Rico, Wameksiko na Wamarekani weusi. Waliwalinganisha waliopata nafuu kubwa sana na waliopata ndogo sana. Baadhi ya tofauti walizozikuta ni adimu, na nyingine zilijitokeza katika jamii moja tu.

Hapo ndipo jambo hili linapotugusa. Washiriki wa tafiti za vinasaba duniani ni watu wa asili ya Ulaya kwa wingi mno, ilhali Waafrika ndio wenye vinasaba vya aina nyingi kuliko watu wote. Kutuacha nje ni kutunyima majibu kuhusu dawa tunazozimeza na kuzivuta kila siku, na naliona hilo kuwa dhuluma.

Basi nikapime jeni kabla ya kuandikiwa dawa?

Bado. Mwaka 2004 utafiti mwingine uliona kwamba wagonjwa wenye aina fulani ya ADRB2 walipumua vizuri zaidi walipoacha kutumia salbutamoli kila siku. Ilitia matumaini kwamba kipimo kimepatikana. Kisha mwaka 2009 wagonjwa wa aina mbili za jeni hiyo walipewa salmeteroli, dawa ya kundi hilohilo, pamoja na steroidi ya kuvuta, yaani dawa ya kupunguza uvimbe ndani ya mirija ya hewa, na wote upumuaji wao ukawa bora. Jeni moja haitoshi kumwamulia daktari.

Mume wangu ana pumu. Watoto wetu wataipata?

Uwezekano unaongezeka, lakini si lazima. Mwaka 2007 sehemu ya kromosomu ya 17, ilipo jeni ORMDL3, ilihusishwa na pumu ya utotoni. Mwaka uliofuata ikaonekana kwamba hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa watoto waliovutishwa moshi wa sigara wakiwa wadogo. Kwa hiyo anayevuta sigara nyumbani, awe baba au mgeni, atoke nje. Mtoto asilazwe kwenye moshi wa kuni pia.

Kwa sasa nifanye nini?

Rudi kliniki ukaulize kuhusu inhela yenye steroidi. Ile ya bluu hufungua mirija kwa muda, haiondoi uvimbe uliomo ndani yake. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa tiba ya pumu, uitwao GINA, haushauri tena watu wazima na vijana wenye pumu kutibiwa kwa salbutamoli peke yake. Ukishapewa ya steroidi, usiiache kwa sababu tu umepata nafuu; zungumza na daktari kwanza.

Na ukishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au fizi zikawa za kijivu, au umevuta ya bluu na nafuu haiji, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.