Kipigo ni kurasa chache tu, riwaya ni kinachofuata

Nafundisha fasihi hapa Moshi na Jumamosi nasoma miswada ya vijana. Mwaka huu watatu wameniletea stori za polisi na wanafunzi na wote wamekosea palepale, kipigo kinakula chapta nzima, virungu, damu, meno, halafu maandamano ukurasa mmoja imeisha.

Kijana mmoja wa Pasua akaniuliza, madam sasa nikikata kipigo nabaki na nini? Nikamwambia baba kaa hapa, tukafungua All American Boys ya 2015, ya Jason Reynolds na Brendan Kiely wa Marekani. Rashad kaingia dukani kununua krispi, kainama achukue simu kwenye begi, mama mmoja akajikwaa juu yake, ikaonekana dogo anaiba, polisi akampiga mpaka akamvunja pua na mbavu. Yote hayo mapema kabisa, kitabu bado kinene.

Maana kuna Quinn, kijana mzungu wa shule hiyohiyo, aliona kila kitu. Baba yake alifia Afghanistan, na yule polisi, kaka wa rafiki yake, ndo amekuwa kama baba kwake. Umeona mtoto alivyobanwa? Akisema anamsaliti aliyemlea, akinyamaza kila siku anamwona Rashad kwenye tivii. Chapta zinapokezana, Rashad yuko hospitali, Quinn yuko mtaani, na kila mwandishi kaandika kijana wake ndo maana sauti hazifanani kabisa. Halafu baba yake Rashad, mweusi kama mwanae, unakuja kujua naye alikuwa polisi na alimpiga risasi kijana asiye na silaha akapooza. Hapo mimi nilifunga kitabu nikatoka nje kwanza.

Na harakati za wanafunzi haziletwi na hotuba. Mtu kapulizia rangi pale shuleni, kwamba Rashad leo tena hayupo. Ni kama ticha anaita majina asubuhi na jina moja haliitikiwi, na mwisho kwenye maandamano watu wanalala chini yanasomwa majina ya waliouawa kweli, naona ni mahudhurio yaleyale.

Wiki iliyopita yule kijana kaniletea upya. Kipigo nusu ukurasa, shahidi ni dada anayeuza mitumba soko la Memorial hapa Moshi na askari ni mjomba wake aliyemlipia ada. Kaishia dada yuko kituoni, kapewa karatasi aandike maelezo, kashika kalamu. Nimemwambia aendelee kuanzia hapo.