Bomba lililopasuka halizalishi maji

Mtu anafungua chemba, shimo la kukagulia bomba la maji taka, saa sita usiku, nyumba nzima imelala, anakuta maji yanatiririka. Kesho yake anaambiwa bomba la maji taka limepasuka chini ya sakafu, na vigae vinaanza kuvunjwa. Nimechoka kulisikia jibu hilo. Bomba la maji taka halina presha. Likipasuka, maji yaliyomo huvujia udongoni, kwa hiyo kwenye chemba yanapungua. Yakiongezeka, kuna mahali yanakotoka, na patafutwe kabla ya kushika nyundo.

Fungua chemba zote kuanzia ya juu kabisa. Chemba ya kwanza yenye maji inakuonyesha tawi lenye shida. Angalia yanaingilia mdomo wa bomba lipi. Hapo usipoteze muda.

Kinachopotosha wengi ni mita. "Mita haizunguki, kwa hiyo si maji yetu." Kwenye nyumba yenye simtanki, mita inahesabu maji yanayoingia tangini tu. Choo kinaweza kuvuja usiku kucha kwa maji ya tangi, na mita ikasimama mpaka boya lishuke. Kwa hiyo funga koki ya kutokea tangini, kisha urudi kwenye chemba. Tena usirudi baada ya dakika tano! Sistani, yaani tangi dogo la choo, ina lita 6 hadi 9 zake yenyewe. Ikivuja nusu lita kwa dakika, lita 9 zinachukua dakika 18, na zaidi, kwa kuwa kasi inapungua kadiri maji yanavyoshuka. Ngoja nusu saa, au flashi vyoo vyote mara baada ya kufunga koki. Maji yakikatika, tatizo liko ndani ya nyumba. Yasipokatika, funga na koki ya mita: boya bovu la simtanki humwaga ziada, na wajenzi wengine huelekeza bomba la ziada moja kwa moja kwenye chemba.

Nusu lita kwa dakika ni lita 720 kwa siku, karibu yuniti 22 (yuniti moja ni lita 1,000) kwa mwezi. Kwenye bakuli la choo huioni, labda ubandike karatasi kavu ukutani mwa bakuli, juu ya maji, uone inavyolowa.

Ukishajua ni choo, weka alama ya penseli kwenye kimo cha maji ndani ya sistani, funga koki ndogo ya ukutani, subiri dakika 30. Maji yakishuka chini ya alama, raba ya chini imechakaa au imeshika chumvi. Yakibaki pale pale, valvu ya boya haifungi na maji yanapita kwenye mrija wa ziada. Yashushe hadi inchi 1 chini ya mdomo wa mrija huo. Rangi ya chakula nayo inasaidia, ila haitofautishi njia hizi mbili, ndiyo maana napendelea penseli.

Kama koki zote zimefungwa na maji bado yanakuja, sasa fikiria maji ya ardhini. Wakati wa masika, sehemu za chini kama Msasani, Dar es Salaam, maji ya ardhini hupanda juu ya bomba na kuingilia kwenye maungio. Huwa ni safi, hayana harufu, yanaacha mchanga kwenye mfereji wa chemba. Karibu na bahari yanaweza kupanda na kushuka na maji kujaa na kupwa, hivyo pima mara mbili kwa saa tofauti.

Wengi hupima klorini, dawa ya kutibu maji, ili kujua kama ni maji ya bomba la mtaa. Ikionekana, ni ushahidi mzuri. Isipoonekana, haithibitishi chochote, maana uchafu wa bomba na udongo huimaliza, na maji ya kisima mara nyingi hayawekwi klorini kabisa.

Ukithibitisha ni ya ardhini, chimba nje, kati ya chemba kavu na ile yenye maji, ukianzia kwenye maungio.