Huduma si ya mchungaji peke yake

Huku Mbeya na Rungwe ukiuliza nani anahudumu kanisani, utajibiwa: mchungaji, mwinjilisti, labda na wazee wa kanisa. Sisi wengine tunakwenda kusali, tunatoa sadaka, tunarudi nyumbani. Dhana hii ni ya siku nyingi, na si sahihi.

Waefeso 4:11-12 inaeleza kwamba wachungaji na walimu walitolewa ili kuwaandaa watakatifu kwa kazi ya huduma. Watakatifu hao ni waumini wote. Anayeandaliwa ndiye anayefanya kazi.

Historia yetu yenyewe ni shahidi. Wamisionari Wajerumani wa Kanisa la Moravian, kanisa letu, walifika Rungwe mwaka 1891. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa wamisionari hao, sharika walizoanzisha hazikufa. Ziliendelea mikononi mwa walimu na waumini wenyeji.

Namfikiria mama mmoja wa usharika wetu ambaye hajawahi kushika kipaza sauti. Anachofanya ni huduma kamili, wala si kumsaidia mchungaji. Jumamosi jioni, baridi ya Juni ikiuma, anafika na ndoo na tambara, anapangusa benchi moja moja. Jirani yake wa benchi akikosekana Jumapili mbili, Jumatatu anambishia hodi, mkungu mdogo wa ndizi kichwani.