Bogi liko chini, behewa liko juu

Bogi ni kigari cha chini cha treni: fremu ya chuma yenye ekseli mbili, magurudumu manne, springi na breki. Behewa hukaa juu yake. Behewa la mizigo la kawaida hukaa juu ya mabogi mawili, moja huku na moja kule. Maana ya neno imekwisha hapo, na mtu yeyote aliyewahi kuinama kando ya reli ameyaona.

Sasa nije kwenye linaloniuma. Juzi barzani Malindi, hapa Unguja, kijana mmoja aliyetoka Bara alikuwa akitusimulia treni ya mizigo aliyoiona Morogoro. "Ami, ilikuwa na mabogi thelathini, nimeyahesabu mwenyewe." Wenzake wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Tangu treni ya umeme ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, watu wetu wengi wanashuka boti na kwenda moja kwa moja stesheni, na kila anayerudi analeta neno hili: bogi la tatu, bogi la mbele, bogi lina kiyoyozi. Wote wanakusudia behewa.

Kosa hili halikuzuka hewani. Mabehewa ya zamani yalikuwa mafupi, na magurudumu yake yamefungwa moja kwa moja kwenye kitako, kama gari la ng'ombe la shamba. Gari la ng'ombe linakata kona kwa sababu ni fupi. Lifanye refu mara tatu, ulitie magurudumu manne yasiyogeuka, ulipakie nazi, kisha ulipitishe kwenye njia ya kupinda, utaona litakavyokwama. Wahandisi wa reli walikutana na shida hiyohiyo, wakaitatua kwa kuyaondoa magurudumu kwenye kitako cha behewa na kuyapa kigari chao wenyewe. Kigari hicho kimeshikana na behewa kwa pini ya katikati, kwa hiyo reli inapopinda, bogi linageuka kwanza na behewa linafuata. Mabehewa marefu ya aina hiyo Waingereza wakayaita kwa jina linalounganisha yote mawili, yaani behewa la bogi. Wahindi wakalikata jina wakabakiza nusu, na mpaka leo India mtu akisema bogi anakusudia behewa zima. Reli ya Mombasa ilipoanza kujengwa mwaka 1896 ilijengwa na maelfu ya vibarua na mafundi kutoka India, na wengi katika makarani na mafundi wa reli zetu za Afrika Mashariki walikuwa Wahindi. Mimi naona neno limetufikia kwa njia hiyo, limeshakatwa tayari. Kabla ya hapo lilikuwa neno la watu wa kaskazini ya Uingereza kwa kigari kifupi cha kubebea vitu vizito, na wataalamu wa lugha hawakupata lilikotoka.

Kwa hiyo kijana yule hakulibuni. Amelipokea kama wenzake walivyolipokea. Lakini sisi watu wa Unguja tuna sababu ya kulionea wivu neno behewa, kwa kuwa kabla halijapanda kwenye reli lilikuwa ndani ya nyumba zetu.

Ingia nyumba yoyote ya zamani ya Mji Mkongwe. Unapita mlango wa nakshi, unapita daka, kisha ghafla juu kunafunguka na mwanga unakumwagikia. Pale katikati, penye uwazi unaotazamwa na vyumba vyote, ndipo behewani. Katika nyumba niliyolelewa, behewa lilikuwa na sakafu ya chokaa iliyochakaa ikawa laini kama kiganja, kamba ya nguo imevuka kutoka nguzo hadi nguzo, na kinu kimesimama pembeni. Mvua ikinyesha inashuka humohumo ndani ya nyumba, na sisi watoto tukikimbilia kuoga. Neno lenyewe ni la Kiarabu, bahw, yaani ukumbi. Kiswahili kikalichukua kwa ua wa ndani, kikalipeleka kwenye banda la kuwekea bidhaa, na treni ilipokuja, watu wakatazama lile sanduku kubwa linalotia watu na mizigo wakaona hicho nacho ni chumba. Wakakiita behewa. Nani aliyeanza hatumjui, lakini alikuwa na jicho.

Mataruma nayo ni hivyohivyo. Hizi nguzo zinazolazwa chini ya reli zina jina la vipande vya mbao vinavyokaza chombo cha baharini kwa ndani. Aliyezipa jina hilo alikwishaona jahazi likiundwa.

Na tusijifanye kwamba treni ya mizigo ni habari ya Bara tu. Sultani wetu Seyyid Barghash alikuwa na reli yake ya kwenda Chukwani. Baadaye, mwaka 1905, kampuni ya Arnold Cheney ya New York ikaweka reli ya maili saba hivi kutoka mbele ya Ngome Kongwe hadi Bububu. Abiria walisimamishwa mwaka 1922, lakini reli iliendelea kufanya kazi: ilibeba mawe ya kujengea bandari. Kwa hiyo gati la Malindi ambalo vijana wetu wanashukia boti na kusimulia mabogi, lina historia ya treni ya mizigo ya hapahapa. (Na nikiwa nimefika Bububu, niseme na hili: si kweli kwamba mahali hapo pamepewa jina kwa mlio wa treni. Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja mwaka 1866, na kabla ya kuondoka alikuwa na nyumba Bububu, na jina analitaja katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Treni ilikuta mji una jina lake.)

Kuna rafiki yangu mwalimu wa skuli anayeniambia kwamba lugha ni ya wasemaji wake, na kama watu wote wanasema bogi, basi bogi ndiyo behewa. Hoja yake naiheshimu. Mimi mwenyewe nakubali neno behewa limetanuka: behewa la kubebea makontena halina ukuta wala paa, ni kitako kitupu, na bado linaitwa behewa, nami sina ugomvi nalo. Lakini kutanuka huko hakukumnyang'anya mtu kitu. Ukilipeleka neno bogi juu, kile kilichoko chini kinabaki bila jina, na hicho ndicho chenye kazi kubwa.

Nilisimama siku moja kando ya treni ya mizigo iliyokuwa imesimama stesheni, nikainama. Springi zilikuwa zimekandamizwa mpaka zimekaribia kugusana, kwa uzito wa saruji ulioko juu. Magurudumu yalikuwa na kutu ubavuni, lakini pale panapogusa reli pamesuguliwa yakang'ara kama fedha, upana wa vidole vinne tu. Uzito wote wa lile behewa ulikuwa unashuka kwenye ile pini, unaingia kwenye bogi, unagawanyika kwenye ekseli, na kuishia kwenye vile vipande vidogo vinavyong'ara. Wanaopanga treni ya mizigo hesabu yao inaanzia hapo. Tuseme reli inaruhusu tani 15 kwa ekseli. Mabogi mawili yana ekseli nne, basi behewa na shehena yake visizidi tani 60. Behewa tupu likiwa na tani 20, mzigo wako ni tani 40. Sasa mfanyabiashara akiuliza "bogi linachukua tani ngapi?", ajibiwe nini?

Halafu kuna suala la upana wa reli. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA, iendayo Zambia, ina 1,067. Tofauti ni milimita 67, pungufu ya upana wa kiganja, lakini inatosha kulizuia behewa lisipite, ndiyo maana Kidatu, reli hizo mbili zinapokutana, mzigo hushushwa upande mmoja ukapakiwa upande wa pili. Kwingine wamechagua njia nyengine. Mpakani mwa China na Mongolia, mji wa Erenhot, reli ya China ni milimita 1,435 na ya Mongolia ni 1,520. Pale behewa la abiria huinuliwa kwa jeki, mabogi yakavutwa nje, yakaingizwa mengine ya upana wa pili, kisha behewa likateremshwa juu yake na safari ikaendelea. Behewa ni lilelile. Kama bogi ndilo behewa, pale wanabadilisha nini?

Nilimwambia kijana yule maneno haya kwa ufupi, nikamchorea na kijiti mchangani: mstari mrefu wa behewa, na chini yake vigari viwili. Akaangalia kidogo.

"Kwa hiyo, Ami, nikisema mabogi thelathini nimesema mabehewa kumi na tano?"

"Ndiyo, mwanangu. Na wewe uliona thelathini kamili. Basi sema mabehewa, usiipunje treni nusu."