Vyama Vidogo vya Kisoshalisti vya Uingereza Havikuzaliwa na Labour

Katika insha za wanafunzi kuhusu siasa za Uingereza za mwanzo wa karne ya 20, kosa moja halikosekani: eti Labour kilikuwa chama cha kisoshalisti tangu siku ya kwanza, halafu wenye msimamo mkali wakajitenga na kuunda vijichama vyao. Limenichosha, kwa sababu linageuza historia nzima kichwa chini.

Dhana: Vyama vidogo vilimeguka kutoka Labour

Vilikitangulia Labour, au vilimeguka kutoka kwa waliokitangulia. Kundi la Henry Hyndman, msoshalisti mfuasi wa Marx, lilianza 1881, na kufikia 1884 likaitwa SDF (Social Democratic Federation). ILP (Independent Labour Party), chama cha Keir Hardie, mtetezi wa wafanyakazi, kilizaliwa Bradford, Januari 1893. Ni Februari 1900 ndipo makundi hayo, Wafabian (wasoshalisti waliotaka mabadiliko ya polepole) na vyama vya wafanyakazi walipokutana Memorial Hall, London, wakaunda kamati ya kupeleka wawakilishi wa wafanyakazi bungeni. SDF walitaka kamati hiyo ikiri mapambano ya kitabaka na ilenge umilikaji wa pamoja wa njia za uzalishaji mali. Mkutano ukakataa. Mwaka uliofuata SDF wakajitoa.

Kilichoikuza kamati si Marx, ni hukumu ya 1901 katika kesi ya kampuni ya reli ya Taff Vale. Chama cha wafanyakazi wa reli kilibebeshwa hasara ya mgomo, kikaishia kulipa fidia ya pauni 23,000. Vyama vingine vikaona hazina zao ziko hatarini, vikaingia kwenye kamati kwa wingi. Mwaka 1906 ikapata viti 29, ikisaidiwa na makubaliano ya siri na Waliberali, ndipo ikachukua jina la Labour. Kwa kawaida mtu alikuwa mwanachama kwa kupitia chama chake cha wafanyakazi, ILP au Wafabian. Uanachama wa moja kwa moja ulikuja na katiba ya 1918, na ni katiba hiyohiyo iliyouweka umilikaji wa pamoja katika malengo ya chama.

Sasa watazame waliomeguka kweli. SLP (Socialist Labour Party), 1903, Uskoti, wafuasi wa Daniel De Leon, msoshalisti wa Marekani, James Connolly akiwa miongoni mwa waasisi. SPGB (Socialist Party of Great Britain), London, 12 Juni 1904. Vyote viwili vilitoka SDF, vikimlaumu Hyndman na wenzake kwa kukihodhi chama na kukimbilia mageuzi ya viraka. Ukitaka chama kilichokihama Labour, kipo ILP, lakini hiyo ni 1932, na kilikuwa kimekizidi Labour umri kwa miaka saba.

Ushauri wangu ni uleule kila muhula: kabla ya kuandika neno "kumeguka", chora mti wa ukoo wa vyama hivi na kila tawi liandikie mwaka.

Dhana: Vilikuwa matawi ya Moscow

Hesabu miaka. Wabolsheviki wa Lenin walishika dola Urusi 1917. Chama cha Kikomunisti cha Uingereza kiliundwa 1920, hasa na BSP (British Socialist Party), mrithi wa SDF, pamoja na sehemu ya SLP. SPGB walikataa kuingia. Isitoshe, 1902 Lenin ndiye aliyekuwa mgeni: gazeti lake la Iskra lilichapwa Clerkenwell Green, kwenye mtambo wa SDF.

Dhana: Wote walipinga vita vya 1914

ILP, SLP na SPGB walipinga. Hyndman aliviunga mkono, akashindwa kwa kura katika mkutano wa BSP wa 1916, akaondoka kuanzisha National Socialist Party. Jina hilo lisikuchanganye, halina uhusiano wowote na Hitler.

Dhana: Vilikuwa vidogo, kwa hiyo havikufanya kitu

Will Thorne wa SDF aliwaunganisha wafanyakazi wa viwanda vya gesi London mwaka 1889, wakapata siku ya kazi ya saa nane. Mwaka 1906 aliingia bungeni kwa jimbo la West Ham South. Connolly alikuwa kati ya viongozi wa maasi ya Dublin ya 1916 dhidi ya utawala wa Uingereza nchini Ireland, akapigwa risasi na Waingereza mwezi Mei.