Je, wajua? Ubaridi wa mto unaanzia kilimani, na hata sisi wa Mtwara na Lindi inatuhusu

Kuna samaki anaitwa trauti, huyu ukimuweka kwenye maji ya nyuzi 25 anakufa. Sasa nyuzi 25 kwa mtu wa Mtwara ndo yale maji ya asubuhi mwezi wa saba unayamwaga mgongoni huku umekunja uso, yaani kwako baridi, kwake kifo.

Sio samaki wa huku. Kwao ni Ulaya na Amerika ya Kaskazini, Waingereza ndo walimleta Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1900 wakammwaga kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya, mpaka leo pale Kiganjo karibu na Nyeri wanazalisha vifaranga vyake, na hapa Tanzania yupo kwenye mito ya milimani kule Rungwe. Maji anayoyapenda ni ya nyuzi 10 mpaka 16 hivi, yakipita 20 anaanza kuhangaika. Sasa huko anakofugwa na kuvuliwa utakuta watu wanalinda mlima mzima, msitu wa juu, vibonde, hata vijito vidogo ambavyo havina samaki hata mmoja. Swali linakuja, samaki yuko chini mtoni, mlima wote huo unalindwa wa nini?

Tuanze na kwa nini baridi. Samaki anapumua oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji, na maji yakipata moto hewa haikai. Maji ya nyuzi 10 yanabeba kama miligramu 11 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 20 yanabeba kama 9, ya nyuzi 30 ni 7 na nusu tu. Halafu ubaya mwingine, kwenye joto mwili wa samaki unakwenda mbio zaidi kwa hiyo unataka hewa nyingi zaidi, muda huohuo ambao hewa imepungua. Kambale wetu hana shida hiyo kwa sababu ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu, ndo maana unamkuta kwenye tope la dimbwi linalokauka mwezi wa kumi na bado anakutazama tu. Trauti hana huo ujanja.

Haya, maji yanapataje moto? Wengi tunadhani ni hewa ya joto, kumbe mwizi mkubwa ni jua lenyewe likipiga moja kwa moja kwenye maji. Hili lilipimwa huko Marekani, jimbo la Oregon. Mwaka 1966 kwenye kijito kinaitwa Needle Branch walikata miti yote mpaka ukingoni, mwaka mmoja baadaye kile kiwango cha juu kabisa cha joto la maji kilichokuwa kama nyuzi 14 kikafika zaidi ya 29! Kijito kilekile, hewa ileile. Jirani yake kuna kingine, Deer Creek, huko nako walikata ila kwa vipande na wakaacha ukanda wa miti na vichaka pembeni ya maji, joto halikubadilika kwa sababu ya kukata. Mimi nikisoma hiyo huwa nasema hapa hamna cha kubishana tena.

Lakini sasa hapo ndo watu wengi wanaishia, wanasema tupande miti ukingoni basi tumemaliza. Hapana. Kivuli hakipoozi maji, kinayazuia tu yasipate moto. Ubaridi wenyewe lazima utoke sehemu, na unatoka ardhini. Ukichimba chini kama mita moja, tofauti ya usiku na mchana haipo tena, ukifika mita kumi hivi hata tofauti ya kiangazi na masika karibu haipo, joto linabaki karibu na wastani wa mwaka mzima wa eneo lile. Mvua iliyozama huko ikakaa miezi ikija kutokea kwenye chemchemi inatoka na joto hilohilo, na ndo inayolisha mto wakati mvua imeshakata. Mvua ikishindwa kuzama, kwa sababu udongo uko wazi, umechomwa, umekanyagwa ukawa mgumu, inateleza juu juu inakwenda kwa siku mbili imeisha, na imebeba udongo. Tope hilo linajaza mto, mto unakuwa mpana na wenye kina kifupi, na mnajua maji kwenye sinia juani na maji kwenye ndoo yapi yanawahi kupata moto. Halafu trauti anataga kwenye changarawe, mayai yakifunikwa na tope yanakosa hewa yanakufa. Ndo maana wanalinda mlima.

Mtu wa Newala au Tandahimba hili analijua bila kusoma popote. Juu kule kwenye uwanda wa Makonde hakuna mto, udongo ni wa kichanga, mvua yote inazama, inakuja kutokea chini pembezoni mwa mteremko. Kina mama miaka na miaka walikuwa wanashuka bondeni kufuata maji halafu wanapanda nayo kichwani, na mradi wa maji wa Makonde mpaka leo unasukuma maji kwa pampu kutoka bonde la Mitema kupandisha juu. Ndanda pale chini nao wanakunywa maji yanayoshuka kutoka uwanda huohuo. Kwa hiyo anayefyeka na kuchoma juu anagusa maji ya mtu ambaye hata hamjui.

Je tukilinda vizuri tutafuga trauti Lindi? Thubutu! Wastani wetu wa joto la mwaka ukanda wa pwani ni kama nyuzi 26, hivyo hata chemchemi yenye msitu mnene kabisa itatoa maji ya joto linalokaribia hapo, trauti ameshakufa zamani. Ila kazi ileile inayompa yeye ubaridi, sisi inatupa mto unaotembea mwezi wa kumi. Huku tuna msimu mmoja tu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, baada ya hapo Lukuledi na vijito vyake vinategemea kilichozama ardhini. Na ufuta ulivyopanda chati Lindi watu wanafungua mashamba mapya kila mwaka kwa kufyeka na kuchoma miteremko. Siwalaumu, ufuta unalipa, lakini shamba si lazima lichomwe na si lazima lipande mpaka kichwani mwa kilima.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu, na zile zinazoweza kuharibu mazingira ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, ni nzuri, inalinda kivuli. Chemchemi inayolishwa na mvua iliyoangukia kilomita kadhaa huko juu mita 60 hazitoshi. Na mkitaka kupanda miti kwenye chanzo naomba isiwe mikaratusi, ile inakunywa maji balaa, acheni miti ya asili ichipue yenyewe.

Ukitaka kuona mwenyewe chukua kipimajoto cha maji, nenda kijito chochote saa nane mchana siku ya jua kali, pima palipofunikwa na miti kisha fuata maji yanakoelekea upime tena palipofyekwa, upime kwenye maji yanayotembea sio pembeni yaliposimama. Ruvuma msijaribu lakini, kule kuna mamba.